Neno "ili": mwongozo kamili wa kufungua kesi ya mateso Lubumbashi

Mama anafika kwenye ofisi ya polisi ya komini, kitenge kimefungwa harakaharaka, sauti imekauka kwa kilio. "Walimpiga mtoto wangu," anasema. Askari aliye mezani anamuuliza walimpiga na nini, saa ngapi, wapi. Kisha anaandika kwa Kifaransa: «coups et blessures», yaani kipigo na majeraha. Mama anatia kidole kwenye wino, anabandika alama yake chini ya karatasi, anarudi nyumbani akijua kwamba amefungua kesi.

Amefungua kesi, ndiyo. Lakini ni kesi ya ugomvi wa baa. Mtoto wake hakugombana na mtu. Alifungwa mikono nyuma, akachapwa nyayo usiku kucha ili amtaje aliyeiba nyaya za shaba. Jambo hilo lina jina lake katika sheria ya Kongo tangu tarehe 9 Julai 2011, na jina hilo halikuandikwa.

Nimekaa na familia za komini zetu za Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi mbele ya karatasi za namna hiyo, na karibu kila mara hakuna aliyedanganya. Shida ni kwamba katika Kiswahili chetu kila kitu ni "kupigwa", na neno "mateso" tunalitumia kwa njaa, kwa ugonjwa, kwa ndoa mbaya, hata kwa Ijumaa Kuu. Kwa hiyo mtu anapofika mbele ya sheria hana neno la kutenganisha kofi la jirani na kamba ya kasho, chumba cha mahabusu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia, na kwa wale wanaozisindikiza: shefu wa kartie (mtaa), mkatekista, mwanafunzi wa sheria, mama wa ushirika. Haumwondoi avoka, yaani wakili. Unakusaidia ufike kwake ukiwa na faili yenye uzito.

Kwanza, kwa nini jina la kosa lina uzito

Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso mwaka 1996, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Ibara ya 4 ya mkataba huo inadai kila nchi iyafanye mateso kuwa kosa la jinai katika sheria yake. Ikapita miaka 15. Katika miaka hiyo yote hakimu aliyetaka kumwadhibu mtesaji alitumia kifungu cha 67 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kumkamata au kumfungia mtu kinyume cha sheria: mateso ya mwili yalikuwa tu jambo la kuongeza ukubwa wa kosa hilo. Maana yake, kama ulikamatwa kwa karatasi halali kisha ukateswa, kifungu hicho hakikukufikia vizuri. Palibaki kipigo cha kawaida.

Sheria nambari 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 ndiyo iliyoziba shimo hilo. Iliingiza katika Kanuni ya Adhabu vifungu vipya vinavyoanza na 48 bis. Jirani zetu nao walipita njia hiyo: Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2012, Kenya mwaka 2017.

Sasa tazama hesabu. Kipigo cha kawaida, kifungu cha 46, kinaanzia siku 8 za kifungo na kuishia miezi 6. Kipigo kikileta ugonjwa, au kumfanya mtu ashindwe kufanya kazi, au kumpotezea kiungo, kifungu cha 47 kinatoa miaka 2 hadi 5. Mateso yanaanzia pale hicho kinapoishia: miaka 5 hadi 10. Yakimwachia mtu jeraha kubwa, ugonjwa, ulemavu wa mwili au wa akili, au aliyeteswa akiwa mama mjamzito, mtoto, mzee au mtu mwenye ulemavu, ni miaka 10 hadi 20. Akifa, ni kifungo cha maisha.

Hata mahakama inabadilika. Kwa raia wa kawaida, kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 5 linakwenda kwenye mahakama ya amani. Linalozidi hapo linakwenda TGI (tribunal de grande instance), mahakama iliyo juu yake. Kwa hiyo maneno mawili yaliyoandikwa asubuhi na askari mchovu yanaamua nani atakusikiliza na kwa uzito gani. Ndiyo maana nasisitiza karatasi ya kwanza. Inawezekana kurekebisha baadaye, lakini utakuwa unapanda mlima.

Mambo manne ambayo lazima yaonekane

Kifungu cha 48 bis kinataka mambo manne. Maumivu makali, ya mwili au ya nafsi. Kukusudia: mtendaji alitaka kuumiza, si ajali. Mtumishi wa serikali: askari, mwanajeshi, wakala wa usalama, ofisa wa komini, au mtu aliyetenda kwa amri yake, kwa kuchochewa naye, au kwa ridhaa yake, iwe ya kutamka au ya kunyamaza. Na jambo la nne, ambalo ndilo watu wanalisahau: lengo. Alitesa ili apate habari au ungamo, ili amwadhibu mtu kwa jambo alilofanya au anayedhaniwa kulifanya, ili amtishe au kumshinikiza, au kwa sababu ya ubaguzi wa aina yoyote.

Kwa Kiswahili lengo hilo linakaa ndani ya neno dogo: "ili". "Walimpiga" ni kipigo. "Walimpiga ili aseme" ni mateso. "Walimchapa baba ili mwanawe ajitokeze" nayo ni mateso, maana sheria inamtaja pia mtu wa tatu. Nikikaa na familia, swali langu la kwanza halihusu fimbo. Nauliza: walipokuwa wanampiga, walikuwa wanasema nini? Maneno ya mtesaji ndiyo yanayobeba lengo. "Taja wenzako." "Utatia sahihi ama hutatia?" "Leo utajua sisi ni nani." Andika maneno hayo kama yalivyotamkwa, katika lugha yaliyotamkwa, iwe Kiswahili, Kilingala au Kifaransa.

Kuhusu ridhaa ya kunyamaza, hapa kwetu Katanga ina maana kubwa. Kijana anayechimba kwa mikono anakamatwa kwenye eneo la kampuni, walinzi binafsi wanamchapa, na askari polisi amesimama pembeni anatazama. Watu wanadhani kwa kuwa mlinzi si mtumishi wa serikali, sheria ya mateso haimgusi. Inamgusa, na askari aliyesimama pia inamgusa. Andika alisimama wapi, hatua ngapi, alivaa nini, kama aliitwa na hakuitika.

Hatua ya kwanza: akiwa bado ndani

Saa zina maana kuliko kitu kingine. Ibara ya 18 ya Katiba inasema mtu aliyekamatwa aelezwe papo hapo sababu za kukamatwa, katika lugha anayoielewa. Kushikiliwa polisi kusizidi saa 48. Baada ya hapo aachiwe au afikishwe mbele ya mamlaka inayohusika. Ibara ya 19 inampa haki ya kuwa na mtetezi tangu uchunguzi wa polisi, si tangu mahakamani. Kwa hiyo ukisikia kwamba ndugu yako amechukuliwa, andika dakika ileile: saa, mahali, nani aliona, gari la namna gani na namba yake, sare za rangi gani.

Nendeni wawili, msiende mmoja. Mmoja anazungumza kwa heshima, mwingine anatazama na kukumbuka. Uliza yuko hapa? Anashitakiwa nini? OPJ (ofisa wa upelelezi) anayemsikiliza ni nani? Mkiambiwa hayupo, andikeni kwamba mliambiwa hayupo, saa ngapi, na nani; mara nyingi jibu hilo baadaye linakuwa ushahidi mzito. Usipige picha jengo la polisi wala askari, utajiingiza ndani wewe pia.

Mpelekee chakula na nguo safi, kisha omba zile chafu zirudi. Nguo hizo usizifue. Hata kama mama anaona aibu kwa damu na mkojo, usizifue. Zianike kivulini zikauke, kisha ziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye mfuko wa plastiki zitaoza na ushahidi utaharibika. Andika juu ya mfuko tarehe na jina la aliyezipokea.

Mwende pia parke, ofisi ya mashtaka ya kiraia. Magistrati wa parke ana mamlaka ya kukagua makasho ya polisi. Ombi lenu liwe la maandishi, mistari mitano inatosha: jina, mahali aliposhikwa, tarehe na saa, hofu yenu, ombi la magistrati aende kumwona. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Mtu akikuambia kwamba hali ni ya vita, au kuna hali ya dharura, kwa hiyo haki hizo zimesimama, ibara ya 61 ya Katiba inajibu: hata katika hali ya kuzingirwa au ya dharura, katazo la mateso haliguswi.

Hatua ya pili: daktari, siku ileile

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kesi nyingi nilizoziona zikianguka zilianguka hapa. Mtu anatoka kasho, familia inamkanda kwa maji ya moto na chumvi, analala siku nne, anakwenda hospitali alama zimefifia. Mapenzi yenu yamefuta ushahidi. Mpelekeni kwanza hospitali, Sendwe au kliniki za chuo kikuu au kituo cha afya kilicho karibu, kisha mtamkanda.

Daktari mwambieni wazi: huyu ameteswa akiwa mikononi mwa askari, tunaomba mwandike kila kitu. Kuna mwongozo wa kimataifa wa uchunguzi wa namna hii, Itifaki ya Istanbul, uliokamilishwa mwaka 1999 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2022. Si kila daktari ameusoma, lakini mnaweza kuomba mambo yake ya msingi kwa adabu. Cheti kiwe na hadithi ya mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe. Kiwe na kila alama: iko wapi mwilini, urefu na upana kwa sentimita, umbo, rangi. Na kiwe na maoni: alama hii inalingana kiasi gani na alichoeleza? Itifaki ina ngazi tano, kuanzia "hailingani" hadi "haiwezi kuwa imetokana na kitu kingine". Cheti kinachosema tu «lésions multiples, repos de sept jours», yaani majeraha mengi, apumzike siku saba, hakimsaidii hakimu. Cheti kinachosema kwamba mistari miwili iliyozunguka vifundo vyote vya mikono inalingana sana na kufungwa kamba kwa muda mrefu, hicho kinaongea.

Kuna mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyasema asipoulizwa. Kuchapwa nyayo huenda kusiache jeraha la wazi, lakini kutembea kunauma kwa wiki na miezi. Daktari amtazame akitembea. Kuning'inizwa kwa mikono kunaharibu mishipa ya fahamu ya mabega. Mpe kikombe, uone kama anaweza kukiinua. Masikio yaliyopigwa makofi ya pamoja yanaweza kuwa yametoboka ndani. Kwenye ngozi yetu nyeusi uvilio wa damu hauonekani upesi kama kwenye picha za vitabuni, na rangi yake haitoshi kusema una siku ngapi. Kwa hiyo piga picha siku ya kwanza, ya tatu na ya saba: moja ya mbali inayoonyesha uso na alama pamoja, moja ya karibu ikiwa na rula kando ya jeraha. Usizipambe wala kuzikata. Acha faili ya asili kwenye simu ilivyo.

Ikiwa kulikuwa na ubakaji, wa mwanamke au wa mwanamume, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Hapo tiba inatangulia kesi. Mwanamume hatasema mbele ya mke wala mbele ya baba yake. Mwacheni peke yake na daktari.

Na nafsi. Sheria inataja maumivu ya akili sawa na ya mwili. Mtu anayeamka usiku akipiga kelele, anayeruka akisikia ufunguo, aliyewekewa bunduki kichwani bila risasi kutoka, huyo ameteswa hata kama ngozi yake ni safi. Muulize daktari aandike hayo pia, na kama kuna mwanasaikolojia, apate kumwona.

Cheti mlichoomba wenyewe kina thamani, lakini magistrati naye anaweza kumteua daktari rasmi kwa rekizisio, yaani amri yake ya maandishi. Ombeni hivyo katika barua ya malalamiko. Vyeti viwili vinavyokubaliana ni vigumu kuvipuuza.

Hatua ya tatu: kuandika ushuhuda

Mruhusu kwanza alale na ale. Kisha akae mahali pa utulivu, pasiwe na jamaa kumi wanaodakia. Mwache asimulie tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Maswali yaje baadaye. Kama alifungwa macho, muulize masikio na pua: alisikia nini? Filimbi ya treni, jenereta, kwaya ya kanisa, redio katika lugha gani? Sakafu ilikuwa saruji au udongo? Alipanda ngazi ngapi? Mambo hayo yamewahi kutambulisha chumba ambacho wenye nacho walikana kuwa kipo.

Majina ya waliokuwa naye kasho ni dhahabu. Wao walimwona akitoka mzima na kurudi anaburuzwa. Wengine watakuwa wamehamishiwa gereza la Kasapa, na huko avoka anaweza kuwafikia.

Asichokumbuka kibaki hakikumbukwi. Nawaomba sana kwa hili. Familia kwa uchungu inaongeza: askari watatu wanakuwa sita, siku mbili zinakuwa wiki. Siku ya mahakama, nyongeza moja ikigunduliwa, ukweli wote unatiwa doa. "Sijui" ni jibu zuri la shahidi.

Hatua ya nne: mlango upi

Aliyetesa akiwa mwanajeshi au askari polisi, Katiba katika ibara ya 156 inampeleka mbele ya mahakama za jeshi. Malalamiko yanakwenda oditora, ofisi ya mashtaka ya jeshi. Aliye chini ya cheo cha meja, au cheo kinacholingana nacho katika polisi, anahukumiwa na mahakama ya jeshi ya garinizoni. Kuanzia meja hadi kanali, Cour militaire, mahakama ya jeshi iliyo juu yake. Jenerali, mahakama ya juu ya jeshi. Ndiyo sababu cheo kinatakiwa katika ushuhuda. Kama hukijui, chora alama zilizokuwa mabegani.

Aliyetesa akiwa raia mwenye mamlaka, mfano ofisa wa komini, malalamiko yanakwenda parke ya TGI. Wakiwa wamechanganyika, askari na raia katika tendo moja, kanuni ya kawaida ni mahakama za kiraia, isipokuwa wakati wa vita au wa hali ya kuzingirwa. Hapo avoka ndiye wa kuamua.

Watu wananiambia, "Kumshitaki askari kwa askari mwenzake ni kupoteza wakati." Najua uchungu huo ulikotoka. Lakini faili ambayo haikuwekwa haiwezi hata kukataliwa, na kukataliwa kwa maandishi kuna kazi yake mbeleni, kama nitakavyoeleza.

Huna pesa ya avoka? Sheria ya mwaka 1979 inayowaongoza mavoka inataka kila baro, yaani chama cha mavoka, iwe na ofisi ya ushauri wa bure. Waulize kwenye baro. Uchukue pia cheti cha kutojiweza kutoka kwa ofisi ya mambo ya kijamii; kitasaidia kuomba usamehewe gharama za mahakama.

Hatua ya tano: barua

Barua isizidi kurasa mbili. Iwe na utambulisho wa aliyeteswa, kisha tukio kwa mpangilio wa saa, kisha lile "ili", kisha aliyetenda na madaraka yake, kisha ushahidi uliopo, kisha maombi. Aya ya tukio inaweza kwenda hivi:

"Usiku wa tarehe fulani, kati ya saa nne na saa nane, katika ofisi ya polisi ya mahali fulani, askari watatu waliovaa sare, mmoja wao wenzake wakimwita kwa jina fulani, walinifunga mikono nyuma kwa kamba na kunichapa nyayo kwa kipande cha bomba. Kila baada ya mapigo waliniuliza: nani mwingine alikuwa nawe? Nilipotaja jina, waliacha. Asubuhi nilitiwa mbele ya PV (maandishi ya mahojiano) ambayo sikusomewa, nikaambiwa nitie sahihi la sivyo tutarudi kulekule."

Tazama mistari hiyo: maumivu, kusudi, lengo, mtumishi. Vyote vinne vimo bila neno moja la sheria. Kisha weka sheria, na hii iandikwe kwa Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya faili: «Je porte plainte pour torture, infraction prévue par l'article 48 bis du Code pénal, livre II, inséré par la loi n° 11/008 du 9 juillet 2011.» Maana yake: nashitaki kosa la mateso la kifungu cha 48 bis, kilichoingizwa na sheria ya 2011. Nakili sentensi hiyo. Akiisoma katika barua yako, magistrati hawezi kusema hakujua uliomba nini. Ana haki ya kuliita kosa kwa jina jingine, lakini sasa atapaswa kuwa na sababu.

Nakala tatu. Moja inabaki kwao, moja inarudi kwako na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea, moja kwa avoka. Bila muhuri wa kupokelewa, hukupeleka kitu. Peleka nakala nyingine kwenye ofisi ya mkoa ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa na sheria ya tarehe 21 Machi 2013.

Ukiitwa kusikilizwa na ukaona wameandika tena «coups et blessures», usitie sahihi kimya. Omba PV isomwe yote kwa Kiswahili. Sema: naomba iongezwe kwamba walinipiga ili niungame. Wakikataa, mwambie avoka siku hiyohiyo aandike.

Hatua ya sita: yanayofuata mahakamani

Kama aliyeteswa naye ameshitakiwa kwa ungamo alilolitoa chini ya kamba, kuna kesi mbili na lazima zizungumziane. Ibara ya 15 ya Mkataba dhidi ya Mateso inakataza kauli iliyopatikana kwa mateso kutumiwa kama ushahidi, isipokuwa dhidi ya mtesaji mwenyewe. Ibara ya 153 ya Katiba inaziamuru mahakama zetu, za kiraia na za jeshi, zitumie mikataba iliyoridhiwa, na ya 215 inaiweka mikataba juu ya sheria za kawaida. Avoka aliseme hilo tangu kikao cha kwanza, si katika hotuba ya mwisho.

Askari atasema aliamriwa. Mkataba, ibara ya 2, unasema amri ya mkubwa si kisingizio. Katiba yetu, ibara ya 28, inasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo haramu waziwazi. Na aliyeamuru anaingia kesini kwa mlango wake mwenyewe: tulikwisha ona kwamba kifungu kinataja amri na ridhaa.

Kuhusu fidia, jiunge kama mlalamikaji wa madai ya kiraia. Inawezekana hata mbele ya mahakama ya jeshi. Usimdai askari peke yake, mshahara wake unaujua. Kwa vifungu vya 258 na 260 vya Kanuni ya Kiraia, kitabu cha III, aliyemtuma anawajibika kwa makosa ya aliyetumwa, basi serikali iitwe kama mwenye kuwajibika. Weka risiti zote: dawa, teksi, siku za kazi zilizopotea. Nakuambia ukweli, kushinda hukumu dhidi ya serikali na kulipwa ni mambo mawili tofauti, na la pili linachosha. Hata hivyo idai, kwa sababu hukumu isiyotaja fidia haina cha kufuatiliwa.

Hatua ya saba: wakija nyumbani

Watakuja. Mara nyingi si kwa vitisho kwanza, bali kwa upole: mjomba wa askari, mzee wa kanisa, bahasha, "tupatane kama ndugu". Sikulaumu ukishawishika, njaa ni njaa. Jua tu mambo mawili. Kushitaki kosa la jinai ni kazi ya parke au oditora. Kuondoa malalamiko yako hakumfungi magistrati mikono. Na karatasi ya kupatana ikisema "tumeelewana kuhusu ugomvi", umebadilisha mwenyewe jina la kosa. Usitie sahihi kitu chochote bila avoka kukisoma.

Vikija vitisho, andika kila kimoja: namba ya simu, saa, maneno. Usifute ujumbe. Ibara ya 13 ya Mkataba inaitaka serikali imlinde mlalamikaji na mashahidi, na vitisho hivyo vitajwe katika barua mpya kwa magistrati. Lakini usingoje jibu ukiwa umelala mlangoni: kijana aliyeteswa alale kwa shangazi kartie nyingine kwa muda, na watu wachache tu wajue.

Hatua ya nane: milango ya hapa ikifungwa

Watu wa Kilwa, kwenye ziwa Mwero, wanajua njia hii. Oktoba 2004 jeshi liliingia mjini mwao baada ya uasi mdogo. Watu zaidi ya 70 waliuawa, wengine wakateswa na kuporwa. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya jeshi hapa Katanga, na mwezi Juni 2007 washitakiwa waliondolewa hatia kwa mambo ya Kilwa. Walalamikaji hawakukunja karatasi zao. Mwaka 2010 walifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul. Tume iliikuta Kongo na hatia ya kuvunja Mkataba wa Afrika, ikiwemo ibara ya 5 inayokataza mateso, na ikaagiza wahanga wanane walipwe dola milioni 2 na nusu. Kulipwa kwenyewe kumekuwa vita nyingine.

Mlango mwingine ni Kamati ya Haki za Binadamu kule Geneva, ambayo Kongo iliikubali isikilize malalamiko ya mtu binafsi tangu mwaka 1976. Milango yote miwili inauliza swali moja: je, ulimaliza njia za nyumbani, au njia hizo hazikufanya kazi? Hapo ndipo muhuri wa oditora, barua tatu zisizojibiwa na uamuzi wa kukataa vinapogeuka kuwa nguvu yako.

Sheria ya 2011 yenyewe ina mapengo ambayo wabunge wetu wanapaswa kuulizwa. Ni fupi mno. Haikuweka mfuko wa kuwatibu waliopona. Haikueleza kinagaubaga wajibu wa mkubwa aliyejua na akanyamaza bila kuzuia. Na askari anaendelea kufikishwa kwa wenye sare kama yake. Mnapokutana na mbunge wa mkoa au wa taifa, msimwombe "akomeshe mateso". Mwombeni mambo hayo matatu, kwa kuyataja moja moja, na mwulize ataleta lini pendekezo.

Leo jioni, kama mna faili tayari, toeni nakala ya kila karatasi. Moja ibaki nyumbani, moja kwa avoka, moja kwa ndugu aliye Likasi au Kolwezi. Picha za karatasi na za majeraha zitumwe pia kwenye barua pepe ya mtu mnayemwamini, kwa sababu simu inaweza kunyang'anywa siku yoyote.